Mkono Uliobaki Begani

Jumuiya ya Utu wa Ziwa ilikuwa na kila kitu isipokuwa watu. Ilikuwa na muhuri, ilikuwa na bango, ilikuwa na ofisi ya chumba kimoja kule Mamboleo, Kisumu, juu ya duka la mabati, na ilikuwa na ukurasa wa Facebook ambako kila asubuhi ilibandikwa picha ya kina mama wakicheka na maneno kama "Ziwa ni letu sote." Wanachama ndio hawakuonekana. Ukiuliza waliko, unaambiwa wako mashinani. Ukienda huko mashinani, yaani ufuoni Luanda Kotieno, ulikuta kofia za Jumuiya vichwani mwa wavuvi waliozipokea kwa sababu ya jua kali, basi.

Nakhumicha alizijua kofia hizo vizuri. Alikuwa akiuza chai na chapati hatua chache kutoka pale feri ya Mbita inapotia nanga, na kila mtu aliyeshuka au kupanda alipita mbele ya jiko lake. Alikuwa Mbukusu wa Kimilili aliyemfuata mumewe ziwani miaka mingi iliyopita, bila kujua neno la Kijaluo, na sasa aliweza kutukana kwa Kijaluo kuliko wenyeji. Wateja walimpenda kwa chapati zake na kumwogopa kwa ulimi wake. Hakuwa mtu wa kudharau watu ovyo. Ila Jumuiya aliidharau tangu siku ya kwanza, kwa sababu ilikuja na kipaza sauti kuwaambia wanawake wanaoanika omena, dagaa wa ziwani, jua likiwaka kwamba imekuja "kuwaamsha." Watu walioamka alfajiri waliambiwa waamke na vijana waliofika saa tano wakinuka marashi.

Nyuma ya Jumuiya alikuwapo mlezi. Hakutajwa jina, aliitwa Mheshimiwa tu, ingawa uheshimiwa wenyewe alikuwa bado anautafuta kwenye uchaguzi unaokuja. Mheshimiwa alitaka vitu viwili. Alitaka kiti, na alitaka ghuba ya hapo ufuoni aijaze vizimba vya kufugia samaki. Angesimama mwenyewe kuiomba ghuba, angezomewa. Kwa hiyo ikazaliwa Jumuiya, imwombee kwa sauti ya wananchi.

Kilichomkwaza kilikuwa mtu mmoja, Mukhtar, Mwislamu wa mjini Kisumu aliyekuwa na mtumbwi wa injini pale Luanda Kotieno. Siku Jumuiya ilipoleta habari ya vizimba kwenye baraza la ufuo, Mukhtar alisimama akauliza swali moja tu: vizimba vikijaa, mitumbwi itapita wapi? Watu wakapiga makofi, na kikao kikavunjika hapo hapo. Makofi hayo ndiyo yaliyomponza.

Mume wa Nakhumicha, Wechuli, alikuwa mvuvi katika mtumbwi wa Mukhtar. Wawili hao walikuwa marafiki wa kugombana kila siku na kushiba sahani moja. Mukhtar hakuwa na vidole viwili vya mkono wa kulia, kile kidogo na kile cha pete. Kamba ya injini ilimkata siku moja alipokuwa akimwonyesha Wechuli namna ya kuiwasha, na tangu hapo Wechuli akawa anamtania kwamba ni mwalimu aliyelipwa kwa kunyang'anywa vidole.

Asubuhi moja dhoruba iliwakuta wakirudi na omena. Mtumbwi ulipinduka. Mukhtar alifika nchi kavu akiwa ameshikilia dumu tupu la mafuta, akaenda moja kwa moja jikoni kwa Nakhumicha, maji yakimchuruzika, akamwambia yote. Hakumsubiri mchungaji wala chifu. Alikaa chini kwenye mchanga, akasema: "Shemeji, Wechuli ameenda. Nilikuwa nimemshika." Kesho yake mwili ukapatikana, ukapelekwa mochari Kisumu. Nakhumicha alilia mpaka sauti ikakauka, lakini hakuwa na swali. Alijua mumewe amekufa vipi na nani alikuwa naye, na katika msiba hiyo si neema ndogo.

Kisha akaja Gordon Adero. Gordon alikuwa katibu wa Jumuiya, kijana aliyesoma Maseno na ambaye tangu amalize masomo alikuwa katibu wa vyama visivyohesabika, kila kimoja kikifa siku mfadhili alipochoka. Alikuja na viatu vyeupe. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaweka uso wa huzuni kama mtu anayevaa koti.

"Mama Naswa, poleni sana," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Jumuiya imeguswa. Marehemu alikuwa member wetu."

"Member wa nini?" Nakhumicha akauliza. "Wechuli alikuwa anatumia hiyo kofia yenu kupanguza injini."

Gordon hakutikisika. Watu wa kazi hiyo ngozi yao ni nene. Aliendelea kueleza kwamba Jumuiya itabeba mzigo wote: gari la maiti, mahema, viti, vipaza sauti, hata jeneza. Mwili utoke mochari, upitishwe ufuoni alikofanyia kazi, watu waage, ndipo usafirishwe kwao Bungoma. Mama atulie tu aomboleze.

Nakhumicha alitaka kumfukuza. Lakini shemeji yake Waliaula, mdogo wa marehemu, alikuwa amekaa pale pale, na Waliaula hakuwa na mbele wala nyuma. "Shemeji, wacha kiburi," alimwambia kwa Kibukusu, kisha akarudia kwa Kiswahili ili mgeni asikie. "Kamati yetu ya mazishi inakunywa chai tu na kuenda nyumbani. Hawa watu wamekuja na mkono mzuri." Nakhumicha aliwaza juu ya mwili uliolala kwenye baridi mjini, akanyamaza. Waliaula akakichukua kimya hicho kuwa ndiyo.

"Sasa uko na picha poa ya marehemu?" Gordon akauliza akisimama.

Ilikuwapo moja tu nzuri, kwenye simu. Ilipigwa siku mtumbwi ulipopakwa rangi mpya. Wechuli alikuwa anacheka, na kando yake Mukhtar, mkono begani mwake.

"Huyu mwingine ni nani?"

"Ni Mukhtar. Mwenye boti."

Gordon alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. "Huyo tutamtoa," alisema.

Nakhumicha alidhani anazungumzia picha tu.

Siku zilizofuata uongo ulipita ufuoni kwa zamu, kila mmoja ukimfungulia mwenzake mlango. Kwanza ulikuja ujumbe wa sauti kwenye simu. Mwanamume asiyejitaja alilia kidogo, akasema alikuwa kwenye mtumbwi wa jirani asubuhi ile na aliona kwa macho yake Mukhtar akimsukuma Wechuli majini baada ya kuzozana juu ya samaki. Hapakuwa na mtumbwi wa jirani. Ufuo mzima ulijua hivyo, kwa sababu upepo ulikuwa umewarudisha wote mapema na walikuwa wamesimama pale pale wakiukodolea macho mtumbwi mmoja uliosalia. Lakini ujumbe ulisikilizwa, ukatumwa, ukasikilizwa tena, na mwisho watu walioona kwa macho yao wakaanza kuamini walichosikia kwa simu.

Halafu zikabandikwa karatasi kwenye kuta za ufuo, zenye uso wa Wechuli na maneno: HAKI KWA MTOTO WA ZIWA. Hili lilimchoma Nakhumicha kuliko yote. Wechuli alipokuwa hai, wengine wa hao hao walimwita jamwa, yaani mtu wa kuja. Alivua humo miaka yote akabaki mtu wa kuja. Kufa kwake tu ndiko kulikomfanya mtoto wa ziwa, na ni kwa sababu mtu mmoja Mamboleo alimhitaji mtoto wa ziwa aliyekufa.

Nakhumicha alisema. Alisema jikoni, alisema kanisani, alimwambia kila aliyenunua chapati: Mukhtar hakumuua mtu. Jibu lilimsubiri tayari, nalo pia lilitengenezwa Mamboleo. Ukurasa wa Jumuiya uliwaomba wananchi wamwombee mjane wetu, maana anatishwa na matajiri wa boti. Kuanzia hapo kila alipomtetea Mukhtar, watu walimtazama kwa huruma. Aliidharau huruma hiyo. Afadhali wangemtukana.

Injini ya Mukhtar, iliyokuwa imeopolewa baada ya dhoruba, ikatupwa tena majini na watu wasiojulikana ambao kila mtu aliwajua. Mukhtar akavuka kwenda Mbita kwa feri, amevuta kofia mpaka machoni.

Nakhumicha alimpigia simu. "Lazima ukuje siku ya mwili," alimwambia.

"Shemeji, wataniua."

"Kwetu wataniuliza nani alikuwa na yeye mwisho. Nitawaambia nini? Nitawaambia ni Facebook?"

 Mukhtar alijua anachoambiwa. Kwao kina Wechuli, maiti haishuki kaburini kabla aliyekuwa naye mara ya mwisho hajasimama mbele ya watu akaeleza kwa mdomo wake mambo yalivyokuwa. Akikosekana, mlango unabaki wazi. Watoto wanakua na swali, na wazee wanaanza kutafuta mchawi. Mukhtar akiogopa kuja, Wechuli atazikwa na uongo wa Gordon kifuani, na Mukhtar atabaki muuaji maisha yake yote.

"Nitajaribu," alisema hatimaye. Nakhumicha alikata simu akiamini kwamba hatajaribu.

Siku yenyewe ilipofika, Jumuiya ilipamba ufuo kana kwamba ni harusi ya mtoto wa waziri. Mahema meupe, viti vyenye vitambaa, spika zilizotetemesha masufuria. Fulana zenye picha ya marehemu ziligawiwa bure tangu asubuhi, na kwa kuwa ni za bure, kila mtu alivaa, hata wale waliomfahamu Wechuli kwa deni la sigara tu. Waliletwa na wanawake wa kulia, gari zima kutoka mjini. Walishuka, wakajinyoosha viuno, na mmoja akamwendea Atieno, mwuza samaki, akamnong'oneza: "Dada, mjane ni gani?" Atieno akamwonyesha kwa kidevu, na yule mwanamke akaanza kupiga mayowe papo hapo.

Mheshimiwa hakuja. Alikuwa na shughuli. Gordon aliishika simu mbele ya kipaza sauti ili taifa, kama alivyouita umati ule, lisikie risala yake. Mtandao ulikuwa mbovu. Zilisikika "damu," "wageni," "vizimba vya maendeleo," kisha kukoroma, kisha "Mungu awabariki," na simu ikakatika. Makofi yalipigwa na wale wanawake wa gari la mjini.

Nakhumicha alikuwa amekaa mbele, leso yake ya manjano yenye maua ya zambarau mabegani, ile aliyojifunga kila siku jikoni. Gordon alikuwa amemfundisha la kusema. Aseme anataka haki, aseme ana imani na Jumuiya, akae chini. Yeye alikuwa anatazama bango kubwa lililotundikwa juu ya jeneza. Karatasi za mwanzo zilikuwa na uso tu. Hapa walikuwa wameikuza picha mpaka kifuani, Wechuli mzima akicheka, na kando yake pametiwa rangi ya buluu kufuta mtu. Ila aliyefuta alikuwa mvivu, au hakumjua aliyekuwa anamfuta. Mwili wa Mukhtar ulikuwa umeondoka, mkono wake umebaki. Ulikuwa begani mwa Wechuli, kidole gumba na vidole viwili, na pale vingine viwili vilipopaswa kuwa, mafundo mawili ya nyama.

Akageuka kutazama watu. Mkono ule ulikuwa kwenye kila fulana.

Alipoitwa, alisimama akachukua kipaza sauti kwa mikono miwili. Hakulia.

"Mimi niko na swali moja," alisema. "Hii mkono kwa bega ya bwana yangu ni ya nani?"

Watu walitazama bango. Halafu mmoja akainamisha kichwa kutazama kifua chake mwenyewe, na mwingine, na mwingine. Kwa muda walionekana kama watu waliomwagikiwa mchuzi.

"Ni ya Mukhtar," Atieno akasema.

"Ni ya Mukhtar," Nakhumicha akakubali. "Mmekuja kumlilia Wechuli na mmevaa mkono ya mtu mnasema alimuua."

Gordon alisogea haraka akinyoosha mkono. "Mama, tafadhali. Usiharibu program."

"Program ni yako. Maiti ni yangu."

Alitoa simu kwenye kifua cha gauni, akapiga, akaiweka kwenye kipaza sauti vile vile alivyofanya Gordon kwa bwana wake. Ikaita kwa muda mrefu. Nakhumicha alijua kwamba Mukhtar asipoichukua, swali lake litageuka kichekesho na yeye atakuwa mjane aliyeshikwa na wazimu.

"Shemeji," sauti ya Mukhtar ikasema, ikatoka kwenye spika zote za Jumuiya.

"Uko wapi?"

"Niko hapa kwa feri, Mbita. Niko hapa tangu asubuhi. Nimeshindwa kupanda."

 Kabla Nakhumicha hajajibu, Atieno aliinuka, akamnyang'anya kipaza sauti. "Mukhtar, panda," alisema. "Kuja umzike rafiki yako. Hakuna mtu hapa atakugusa, na mwenye atajaribu tutaanza na yeye." Alipomaliza aliangalia wavuvi mmoja mmoja. Wa kwanza akaivua fulana, akaigeuza ndani nje, akaivaa tena. Wenzake wakafuata. Hawakuomba radhi, maana wanaume wa pale hawana mazoea hayo, na Nakhumicha aliwadharau kidogo hata kwa hilo. Lakini waligeuza.

Basi wakangoja feri. Dereva wa gari la maiti aliambiwa na Gordon awashe injini aondoke, akajibu kwamba hawezi, jeneza limezingirwa. Kweli, wavuvi walikuwa wamelizunguka na kuketi chini. Wanawake wa kulia, kazi ilipowaishia, walikwenda kununua samaki wa kubeba nyumbani. Mahema yakaanza kufunguliwa huku watu bado wamekaa ndani yake. Kijana mmoja tu wa Jumuiya ndiye aliyeendelea kufanya kazi, yule wa kamera. Nakhumicha alimsikia Gordon akimwambia: "Wewe rekodi tu. Tutaona itafaa wapi."

Feri ilipotia nanga Mukhtar alishuka wa mwisho. Alipita katikati ya watu wale wale waliotupa injini yake, bila kuwatazama, akaenda mpaka kwenye jeneza. Hakuchukua kipaza sauti. Alinyanyua mkono wa kulia ili wauone.

"Nilimshika na hii," alisema. "Mkono ya kushoto nilikuwa nimeshikilia dumu. Ningekuwa nimegeuza, ningemshika na ile nzima, labda. Maji ilikuwa inamvuta na hii haishiki vizuri. Aliona. Aliniambia, Mukhtar, wachilia, utaenda na mimi. Mimi sikumwachilia. Aliteleza." Alitaka kuendelea, akashindwa. "Ni hivyo tu. Hakuna ingine."

Nakhumicha aliushika mkono ule mbovu, akauweka juu ya jeneza, akauacha hapo. Kisha akalia, kwa sauti, mbele ya wote, na safari hii hakuna aliyemsaidia kulia kwa malipo.

Gari la Jumuiya likakataa kwenda Bungoma, kwa hiyo Wechuli alisafirishwa kwa lori la omena, Nakhumicha na Mukhtar wameketi ubavuni mwa jeneza, na Waliaula mbele kwa dereva, amefyata ulimi. Walifika wakinuka samaki. Wazee walipouliza nani alikuwa naye mwisho, Mukhtar akasimama akaeleza tena, na mlango ukafungwa. Wechuli alishuka kaburini bila mtu wa kumtafutia mchawi.

Nakhumicha aliporudi ufuoni, Atieno alimletea simu kabla hajawasha jiko. Ukurasa wa Jumuiya ulikuwa na picha mpya. Mukhtar amesimama kando ya jeneza, mkono wake wenye vidole vitatu umelala juu ya mbao, na chini yake yameandikwa: JUMUIYA YA UTU WA ZIWA YAPATANISHA UFUO. AMANI KWANZA, MAENDELEO YAFUATE. Watu wa mbali, wasiojua lolote, walikuwa wanapongeza kwa mamia. Wengine walimshukuru Mheshimiwa kwa busara.

Nakhumicha aliitazama picha kwa muda. Safari hii mkono walikuwa wameuacha makusudi, tena katikati. Aliyefutwa alikuwa yeye.

"Hawa watu hawana hata aibu ya mbwa," alisema, akarudisha simu.

"Angalia vizuri," Atieno akamwambia, akaikuza picha kwa vidole. Ukingoni mwa mkono wa Mukhtar palikuwa pamebaki kipande cha leso ya manjano yenye maua ya zambarau. Wavuvi watatu waliosimama wakingoja chai waliinama kuangalia, kisha wakamwangalia yeye, aliyekuwa amejifunga ile ile.